Chombo Kibovu Kina Jina Lake

Ni wiki kadhaa sijaandika hapa, kazi ya kuajiriwa ilinibana mpaka kooni. Leo naweka kando habari za hifadhidata na seva nizungumzie kitu ninachokipenda baada ya kazi: kupiga picha usiku. Wale mnaokuja hapa kwa ajili ya programu msiondoke, mwishoni tutarudi kulekule.

Kuna mtindo wa picha ambao kama unapitapita kwenye kurasa za wapiga picha lazima umeuona. Gari bovu limeachwa porini, vioo vimevunjika, majani yameota mpaka kwenye viti, na juu yake mbingu imejaa nyota. Wamarekani wameufanya sana. Troy Paiva alitoa kitabu mwaka 2003 kiitwacho Lost America, chenye picha za usiku za magari na majengo yaliyotelekezwa magharibi mwa Marekani, akiviangazia kwa taa za rangi. Nilipoziona picha za namna hii nikiwa chuoni, nikisoma sayansi ya kompyuta, nilitaka na mimi nipige za kwetu. Tatizo ni kwamba kwetu ni Lamu.

Kwa wasiofika Lamu: Mji wa Kale uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na vichochoro vyake ni vyembamba kiasi kwamba punda wawili wenye mizigo wakikutana, mmoja lazima ampishe mwenzake. Miaka ya karibuni pikipiki zimeingia kisiwani, lakini uwanja wa malori mabovu hutaupata. Sasa kwetu ni kitu gani kinachosafirisha watu miaka arobaini halafu kikaachwa kioze? Kiswahili kimeshajibu. Gari ni chombo, na mashua ni chombo.

Nenda Matondoni, kijiji cha mafundi wa vyombo upande wa magharibi wa kisiwa cha Lamu. Au vuka uende Pate, ufike Siyu, Faza au Kizingitini. Maji yakipwa utaona mashua na madau yamelala ubavu kwenye tope, pembeni ya mikoko. Kimoja bado kina mlingoti. Kingine mbao za ubavuni zimetoka na mataruma yako wazi kama mbavu za ng'ombe wakati wa ukame. Kingine kimebaki mkuku peke yake. Mchana unaweza kupita usivitazame mara mbili. Usiku, mwezi ukiwa haupo, ni mambo mengine kabisa.

Bahari na mbingu zina ratiba moja

Hapa ndipo Lamu inapoipita Marekani, na sisemi kwa ushabiki tu. Mpiga picha wa nyota anataka usiku usio na mwezi. Usiku huo ndio wakati wa bamvua, maana jua na mwezi vinavuta maji kwa pamoja. Bamvua pwani yetu hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano hivi usiku, na hujaa kabisa karibu na saa kumi alfajiri. Tofauti ya maji inaweza kukaribia meta tatu. Kwa hiyo usiku uleule wenye giza zuri kuliko yote, chombo kiko juu ya tope saa nne, na saa tisa kimezungukwa na maji. Ukikaa usiku mzima unapata picha mbili tofauti za chombo kimoja. Lakini usipoangalia saa, utarudi nyumbani maji yakiwa kiunoni na kamera kichwani. Naongea kwa uzoefu :-)

Jambo la pili ni mahali tulipo. Lamu iko nyuzi mbili na kidogo kusini mwa ikweta, kwa hiyo karibu mbingu zote, za kaskazini na za kusini, zinapita juu yetu. Mwezi wa saba, saa nne usiku, sehemu nene ya Njia ya Maziwa inakuwa juu kabisa upande wa kusini. Kilimia tunacho. Suheli, nyota ambayo manahodha waliitumia kujua kusini, tunayo. Watu wa Ulaya ya kaskazini hununua tiketi za ndege kuja kuona tunachokiona tukiwa tumekaa barazani.

Haya, sasa kosa langu.

Usiku wa Julai 2022

Ilikuwa mwisho wa Julai 2022, siku za mwisho za Mfunguo Tatu, mwezi hauonekani. Nilikwenda Matondoni na kamera, tripodi na lenzi ya milimita 20. Mchana nilikuwa nimeona mashua moja nzuri: imelala kidogo, omo yake inatazama kusini, rangi ya kijani imebabuka. Sikumwuliza mtu. Nilijiambia ni chombo kilichotupwa, kina mwenyewe gani?

Sijamaliza kufunga kamera kwenye tripodi, nikamulikwa tochi. Alikuwa mzee mmoja na kijana wake.

"Nani pale?"

Nikatoa salamu, nikajieleza, nikataja nyumba niliyofikia na jina la babu yangu. Mzee akatulia.

"Mwanangu, ungepita nyumbani kwanza. Chombo hiki ni cha marehemu ndugu yangu."

"Niwie radhi mzee wangu. Nilidhani kimetupwa."

"Hakikutupwa. Kimepumzishwa."

Akanitajia jina la mashua, akanielekeza lilipoandikwa, pale kwenye tezi, herufi nyeupe zilizokwisha kufifia. Akaniambia nani aliiunda na ilikuwa ikibeba nini. Nilitikisa kichwa kwa adabu, naam mzee, naam mzee, huku akili yangu iko kwenye nyota kwa sababu zilikuwa zikisogea. Sikuandika hata neno moja. Simu yenye programu ya kuandikia ilikuwa mfukoni mwangu muda wote.

Nilipiga fremu 16, kila moja sekunde 25. Nyumbani nikazipitisha kwenye programu ya kuunganisha, halafu nyingine ya kuondoa chenga, nikaisukuma mpaka mwisho. Pale chini palikuwa na dumu la manjano lililokatwa na kipande cha kamba, nikaona vinaharibu picha, nikavifuta kwa kile kifutio cha akili mnemba. Nikahifadhi JPEG moja safi. Diski ya kompyuta ilikuwa imejaa, nikafuta faili ghafi zote 16. Nikaiweka picha mtandaoni, watu wakaisifu, nikafurahi.

Mwaka 2024 nikapata ujumbe kutoka kwa mwanamke nisiyemjua. Alikuwa binti wa marehemu, mwenye mashua. Alisema chombo hakipo tena, kilivunjwa na mbao zake zikauzwa kwa mafundi wa samani. Picha yangu ndiyo pekee aliyowahi kuiona ya mashua ya baba yake. Aliomba nimtumie iliyo kubwa, kwa sababu yeye na kaka yake wanabishana. Baba yao aliwahi kuibadilisha mashua jina, na hawakubaliani jina lake la mwisho lilikuwa lipi. Je, kwenye tezi linasomeka?

Nikafungua picha, nikaivuta karibu. Pale kwenye jina palikuwa na ukungu mweupe, laini, mzuri, usio na herufi hata moja. Programu ilikuwa imeona rangi iliyofifia kwenye ubao uliokwaruzika, ikaamua ni chenga, ikaipiga pasi.

Nikamtumia hivyohivyo na kuomba radhi. Akajibu kwa upole, kisha akauliza swali moja: "Na upo wake mbona haupo? Si ulikuwa palepale chini?"

Lile dumu la manjano. Lilikuwa upo wa baba yake, alilokata mwenyewe kukumbia maji.

Mzee aliyenimulika tochi naye alikuwa ameshafariki, Mungu amrehemu. Jina alinitajia mimi. Nililisikia kwa masikio yangu na silikumbuki.

Programu ilifanya nini hasa?

Turudi kwenye fani yangu, maana sitaki mtu afikiri nailaumu mashine ili nijitoe mimi.

Dunia inazunguka, kwa hiyo nyota zinaonekana kusogea nyuzi 15 kwa saa. Ukiacha shata wazi muda mrefu, nyota inakuwa mstari. Kanuni ya haraka ni kugawanya 500 kwa urefu wa lenzi: 500 kwa 20 ni sekunde 25. (Kama sensa ya kamera yako ni ile ndogo, gawanya tena kwa 1.5.) Sekunde 25 ni mwanga mdogo sana, kwa hiyo picha inajaa chenga. Dawa yake ni kupiga fremu nyingi na kuzitafutia wastani. Chenga za fremu moja hazilingani na za fremu nyingine, kwa hiyo zinapunguzana. Kitu cha kweli kiko palepale katika fremu zote, kwa hiyo kinabaki. Hesabu yake ni kipeuo cha pili cha idadi: fremu 16 zinapunguza chenga mara nne. Hali ya usiku ya simu yako inatumia wazo hilohilo, inapiga fremu nyingi fupi na kuzipanga juu ya kila mmoja.

Mpaka hapo hakuna uongo. Wastani hauongezi kitu ambacho hakikuwapo mbele ya lenzi. Uongo unaanza hatua inayofuata. Programu ya kuondoa chenga haijui kilichokuwapo, inakisia. Imefundishwa kwa picha nyingi kwamba mbingu huwa hivi, ngozi huwa hivi, ubao huwa hivi. Ikikutana na kitu hafifu kisichofanana na mafunzo yake, inakilainisha. Kifutio kinakwenda mbali zaidi: kinatoa kitu na kutunga tope ambalo halikuwahi kuwapo. Mwaka 2023 kulikuwa na mjadala mkubwa kuhusu simu za Samsung, baada ya mtumiaji mmoja kupiga picha ya mwezi uliotiwa ukungu makusudi kwenye skrini, na simu ikamrudishia mwezi wenye alama zake zote. Kampuni ilieleza kwamba simu inatumia akili mnemba kuutambua mwezi na kuuboresha.

Mwezi ukitungwa hakuna hasara kubwa, maana upo, kesho utauona tena. Mashua ya Matondoni ilikuwa moja. Programu haikuwa na mahali pengine pa kujifunza jina lake. Hii ndiyo hoja yangu leo: kadiri kitu kinavyokuwa cha pekee, ndivyo programu inavyozidi kukiona kama kosa la kurekebishwa. Na vyombo hivi vibovu tunavyovipenda kwa sababu ya nyota zilizo juu yake ndivyo vya pekee kuliko vyote.

Tulishapoteza chombo kimoja namna hii

Mtu atasema, "Mashua ni mashua, mbona unalia?" Ngoja nimkumbushe mtepe.

Mtepe ulikuwa chombo cha visiwa hivihivi. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za nazi, hazikupigwa misumari, na tanga lake lilikuwa mkeka. Ulisafiri pwani hii kwa karne nyingi, halafu katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20 ukatoweka. Leo hakuna mtu aliye hai aliyewahi kuupanda mtepe akitoka Lamu kwenda kuuza boriti. Tunachokijua kimetoka kwenye vielelezo vidogo vya makumbusho, picha chache za zamani, na maandishi ya watu wachache waliojali kuandika, kama James Hornell aliyechapisha makala kuhusu mtepe na dau vya Lamu mwaka 1941. Mfano wa mtepe uliojengwa upya Zanzibar na kuwekwa Beit al-Ajaib ulitegemea mabaki hayo ya kumbukumbu. Na jengo lenyewe sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Kumbukumbu nayo inahitaji nakala ya akiba.

Sasa linganisha na Flipflopi, ile dau iliyoundwa Lamu kwa plastiki iliyosindikwa upya, ikashushwa majini mwaka 2018 na kusafiri mpaka Zanzibar mwaka 2019. Picha zake zimejaa mtandaoni, jina la fundi wake mkuu, Ali Skanda, linajulikana, uzito wa plastiki iliyotumika umeandikwa. Inastahili, nami naiunga mkono. Lakini mashua ya mbao iliyolisha nyumba tatu kwa miaka thelathini, ikipumzishwa, itapata picha moja kutoka kwa kijana mwenye tripodi kama mimi, na kijana huyo atafuta jina.

Ninachoomba kwa wapiga picha wenzangu

1. Piga hodi kwanza. Chombo kilicholala si chombo kisicho na mwenyewe. Na kuna suala la usalama: baada ya shambulio la Mpeketoni la Juni 2014, Lamu iliishi na kafyu. Mtu asiyejulikana akitembea na tochi mikokoni usiku anawatia watu hofu, na anajiweka hatarini mwenyewe. Mwambie mzee wa kijiji, nenda na mwenyeji.

2. Andika papo hapo, kabla ya kufungua lenzi: jina la chombo, aina yake, mwenyewe, fundi, kiliundwa wapi, kilifanya kazi gani. Akikuruhusu, mrekodi sauti. Sekunde sitini tu.

3. Piga fremu moja mbaya. Washa tochi, mulika tezi, piga jina. Hutaiweka mtandaoni na hakuna atakayeisifu. Hiyo ndiyo atakayokuomba mtu baada ya miaka miwili.

4. Usifute faili ghafi. Fremu 16 za megabaiti 25 ni megabaiti 400. Ni ndogo kuliko filamu uliyoipakua wiki iliyopita na hutaitazama tena.

5. Weka habari ndani ya faili. Picha ya kidijitali ina nafasi yake ya maelezo, ndiyo EXIF na IPTC mnazozisikia. Kamera inajaza tarehe na sekunde, lakini jina la mashua haiwezi kulijua. Programu ya bure kama ExifTool inakuwezesha kuliandika. Kumbuka kwamba programu nyingi za kutumiana ujumbe hubana picha na kufuta maelezo hayo, kwa hiyo ukimtumia mtu tuma kama hati, na pembeni weka faili dogo la maandishi la namna hii:

jina: (kama lilivyoandikwa, hata herufi zikiwa pungufu)
aina: mashua
mahali: Matondoni
tarehe: 28-07-2022
aliyesimulia: (kwa ruhusa yake)
kilichobadilishwa kwenye picha: chenga zimeondolewa, dumu na kamba vimefutwa

Mstari wa mwisho ndio muhimu kuliko yote. Kama ningelazimika kuandika "dumu limefutwa", huenda ningejiuliza lilikuwa dumu la nini.

6. Mahali kamili, zile namba za GPS, zibaki kwenye nakala yako. Ukizitangaza, anayefuata huenda hatakuja na kamera, atakuja na msumeno.

"Lakini hii ni sanaa, si daftari la bandari"

Rafiki yangu mmoja aliniambia hivyo, na ana hoja. Picha ya usiku inapendeza kwa sababu haielezi kila kitu. Ukiijaza majina na tarehe unaua uchawi wake. Na tena, anasema, wewe unajua kabisa kwamba hata macho yetu hayaoni Njia ya Maziwa na rangi zile, kwa hiyo kamera ilishaongopa kabla ya programu.

Nakubali nusu. Kufungua shata sekunde 25 ni kusubiri mwanga ambao upo kweli, jicho tu halina subira. Hiyo si sawa na kutunga. Na kuhusu uchawi, simwambii mtu aweke jina katikati ya picha. Toleo la kuning'iniza ukutani lisafishe upendavyo, hata mimi bado nasafisha. Nasema toleo hilo lisiwe pekee. Sisi watengenezaji wa programu tuna desturi nzuri: hatuandiki juu ya msimbo wa jana bila kuhifadhi wa jana. Tukikosea tunarudi nyuma. Kwa nini basi msimbo wa kitufe tu tunautunza kwa miaka kumi, halafu mashua ya marehemu wa watu tunaifuta ili tupate nafasi kwenye diski?

Mnaweza kuuliza ilikuwaje kwa yule dada. Nilitafuta kadi ya kumbukumbu niliyotumia usiku ule. Ilikuwa imefomatiwa na kutumika tena, lakini niliipitisha kwenye PhotoRec usiku kucha. Kati ya fremu 16, faili ghafi moja tu ilirudi, nayo nusunusu. Ndani yake kulikuwa na picha ndogo ya hakikisho, ile ambayo kamera huiweka ili ionekane kwenye skrini yake. Nikaifungua. Ina chenga tupu, nyota hazionekani vizuri, mtu yeyote angeifuta. Chini ya omo kuna alama ndogo ya manjano.

Nikamtumia. Akasema ndiyo, huo ndio upo wenyewe. Jina halisomeki. Yeye na kaka yake bado wanabishana.

Kama uko Lamu, Pate, Manda, Ndau au Kiwayu na una picha ya chombo kilichopumzishwa, hata iliyopigwa kwa simu ya zamani, usiisafishe kwanza. Kaa na mzee mmoja, mwonyeshe, andika atakachosema. Halafu niandikieni hapa chini mlichopata.

Tuonane wiki ijayo, inshallah. Nitarudi kwenye hifadhidata, naahidi.